Jiko la wasomi

Tulipokuwa mwaka wa 3 chuoni, Dar es Salaam, kundi letu la watu 4 lilipewa kazi ya kubuni jiko la mkaa. Tulilijaribia karakanani mpaka tukachoka: unapima mkaa kwenye mizani, unainjika lita 5 za maji, yakichemka unayaacha yatokote taratibu kwa dakika 45, kisha unapima mkaa uliobaki. Jiko letu lilikula mkaa kidogo kuliko lile la bati la sokoni. Tukapeana mikono.

Mwalimu wetu alisoma ripoti yote, akauliza swali moja tu: "Sasa hapa nani anakula maji?"

Kesho yake tukalipakia kwenye bajaji, tukampelekea mama lishe mmoja aliyekuwa akitulisha mchana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Ndilo hilo jiko la wasomi?"

Tulikubaliana tusimweleze chochote, tutazame tu. Kwa vijana waliokesha wakitengeneza kitu, kunyamaza ni adhabu. Maji yalichemka upesi, tukakonyezana. Unga ukaingia, mwiko ukafuata. Ugali wa watu 30 hausongwi kwa adabu: sufuria ilianza kuzunguka juu ya vile vichuma vitatu tulivyoviona imara, ikateleza, jiko zima likainama. Mwenzangu alifungua kinywa, "Mama, ungeshi..." Nikamkanyaga mguu.

Mama hata hakutuangalia. Alimwita kijana wake amletee matofali matatu, akalizungushia jiko, akaikalisha sufuria juu ya matofali. Kati ya moto na sufuria pakabaki nafasi ya kupitisha vidole vinne. Joto lote tulilolihangaikia muhula mzima likawa linapita pembeni. Kwa ufupi, alikuwa amerudi kwenye mafiga, na jiko letu limegeuka bakuli la kuwekea mkaa. Akasonga kwa raha zake, anaimba.

Baada ya kupakua nilitoa fomu, maana ilikuwa na swali la maoni.

"Mama, jiko umelionaje?"

"Zuri sana, wanangu. Mungu awabariki."

Nikaandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Halafu pembeni, palipobaki nafasi, nikachora matofali matatu.