Siku yangu kwenye nyumba ya kale bustanini

Saa moja asubuhi, kabla wageni hawajaingia, naizunguka nyumba ninayoikarabati. Natazama mifereji ya paa, vichuguu vya mchwa, michirizi mipya ukutani. Adui mkubwa ni maji, na bustani haikosi maji. Leo tena bomba la kunyunyizia maua limeelekezwa ukutani. Naligeuza.

Saa mbili hadi saa nne ni patasi na nyundo ndogo, kubandua saruji ya ukarabati wa zamani. Kisha nalowesha viungo vya mawe, yaani nafasi kati ya jiwe na jiwe, tayari kwa chokaa.

Hapo anafika mzee mmoja, anasimama chini ya jukwaa ninalofanyia kazi. "Fundi, mnajitesa bure. Pigeni saruji, leo hii mmemaliza!"

Nateremka. Maneno haya naambiwa kila mara, na nikinyamaza mtu anaondoka akidhani sisi ni wavivu. Namwonyesha jiwe lililokuwa nyuma ya saruji: ukiligusa linatoka unga. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua, unyevu unaoingia unapata pa kutokea. Saruji huufungia ndani, chumvi inaganda kwenye vitundu vya jiwe na kulipasua kidogo kidogo. "Basi wekeni mawe mapya yote," anasema. Namweleza kuwa Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unataka ukarabati ukome pale kubahatisha kunapoanza, na kipya kipatane na cha kale lakini kitambulike. Jiwe ambalo bado linabeba uzito wa ukuta halitolewi. Anabisha, anauliza, anabisha tena. Jua nalo halingoji: narudi juu, viungo vyote vimekauka. Nikijaza hivyo, jiwe litanyonya maji ya chokaa na itapasuka. Nalowesha upya, kutoka mwanzo.

Mchana sijui saa zilikwendaje. Sehemu moja ya chokaa, tatu za mchanga, mwiko, kukandamiza, kusogea. Mabega yanawaka. Lakini kiungo kilichoshindiliwa vizuri nakijua kwa kukitazama tu, na vya leo ni vizuri.

Jioni napiga picha, naandika daftarini kila jiwe lililoguswa, kisha natundika magunia yaliyoloweshwa ukutani. Chokaa hii hukomaa polepole kwa kuvuta hewa ya ukaa, na ikikauka haraka inakuwa vumbi. Wageni huyavuta magunia ili picha zao zipendeze. Tafadhali, mkiyakuta, yaacheni.