Upupu unapochanua

Kwa wiki mbili nilikuwa nausifia ule mmea. Ulipanda wenyewe juu ya uzio, ukashusha vichala vya maua ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi. Nikavuta kichala kimoja hadi puani, nikanusa, nikakipiga picha. Hakikuniwasha hata kidogo.

Kumbe ni upupu! Neno lenyewe nalijua tangu utoto, maana darasani hakukosekana mtundu wa kuunyunyiza kwenye kiti cha mwenzake. Lakini nilichokijua ni ule unga tu. Ua lake sikuwahi kuliona, wala sikufikiria kwamba lipo.

Maua yakapukutika, yakaja maganda. Upupu ni wa jamii ya kunde, kwa hiyo ganda lake ni la kunde kabisa, ila limejipinda kama herufi S na kuvaa manyoya mazito ya hudhurungi yenye mng'ao. Mazuri nayo, ukiyatazama kwa mbali. Mimi nikangoja yakauke, halafu nikachukua panga siku ya upepo. Akili zangu hizo.

Shingo ndiyo iliyoanza, kisha mikono, kisha mahali pasipotajika. Nikajikuna, na hapo ndipo nilipojimaliza: kila kucha ilipopita, manyoya yalizidi kuzama na kusambaa. Nikameza kidonge cha mzio, wapi! Baadaye nikaelewa kwa nini. Manyoya hayo yana kimeng'enya kiitwacho mukunaini, ambacho huchokoza neva za ngozi moja kwa moja bila kupitia histamini, ile kemikali ya mwili inayoleta mwasho wa mzio, na histamini ndiyo ambayo vidonge vile huizuia. Kilichonisaidia ni selotepu: nabandika, nabandua, nabandika kipande kingine, bila kusugua. Ndipo nikaoga.

Cha ajabu, mbegu za adui huyu zina levodopa, kemikali ileile wanayopewa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. (Usizitafune kujitibu, tafadhali. Kipimo ni kazi ya daktari.) Na mizizi yake hurutubisha udongo kwa naitrojeni, ndiyo maana wakulima hupanda aina yake isiyowasha.

Shina nimeliacha. Likichanua tena nitapiga picha zangu, kisha nitalikata kabla ganda la kwanza halijatoka. Shati la siku ile bado liko kwenye kamba nje. Nimelifua mara tatu na sijathubutu kulivaa.