Sekunde 40 za wimbo: siku yangu Mwanjelwa

Saa 12:30 asubuhi. Mlima Loleza umefunikwa na ukungu. Nakunywa chai ya tangawizi na chapati, napanda bajaji hadi Mwanjelwa, hapa Mbeya, nafungua ofisi. Kufikia saa 3 nimesafisha hedi ya deki, kile kichwa kinachosoma mkanda wa video, na kuhamisha mikanda miwili ya harusi.

Watu wakiona deki za VHS wanadhani nakopi mikanda tu. Kukopi si kazi. Kinachonimaliza ni kutafuta vibali ili filamu ya zamani iuzwe tena kihalali.

Saa 4 anaingia mzee mmoja, mtayarishaji. Filamu yake aliipiga Tukuyu mwaka 2003.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imekuwa tayari?"

Picha iko tayari tangu mwezi jana. Tatizo ni redio ya baa ndani ya filamu, inayopiga wimbo wa dansi wa miaka ya 1970 kwa sekunde 40.

"Sekunde arobaini tu, mwanangu! Enzi zile tuliweka, nani aliuliza?"

Namweleza tena. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haina kipimo cha sekunde kinachoufanya wimbo uwe wa bure. Tena wimbo mmoja una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Aliyeutunga amefariki, lakini haki yake inaishi miaka 50 baada ya kifo, na sasa iko kwa watoto wake. Mwenye rekodi ni mwingine, naye ana barua yake ya kuandikiwa.

"Basi kata!"

Sikati. Sauti zote zilichanganywa kwenye njia moja, na mkanda wa kwanza haupo. Nikiondoa wimbo, naondoa na maneno ya mama anayemwambia mwanawe kwamba baba yake yu hai. Filamu nzima imesimamia pale.

Akapandisha sauti, akasema namkwamisha makusudi. Nikampa mfano wa Killer of Sheep, filamu ya Mmarekani Charles Burnett, iliyokamilika 1977 ikakaa hadi 2007 kabla ya kuingia sinema, kwa sababu ya muziki. Vibali viligharimu dola 150,000.

"Wamarekani wana hela," akajibu, akaketi. Aliondoka saa 7 kasoro.

Mchana umeme ukakatika. Nikala wali maharage uliopoa, simu sikioni. Warithi wa mtunzi wako wanne: wawili Kyela, mmoja Makambako, mmoja Dar es Salaam. Wa Makambako hataki hata kusikia habari za filamu. Anasema nyimbo za baba yao zilipigwa kwenye mabaa yote ya nchi hii, naye akafa hana bati. Sikuwa na la kumjibu, maana ana haki. Dada mkubwa yuko radhi, ila hawezi kusaini peke yake. Mirathi haijafunguliwa, na bila msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo saini yake haimfungi mwenzake.

Shingo inaniuma. Sijui ni saa ngapi dada mkubwa alipopiga tena; nje kulishaingia giza na baridi.

"Mwanangu, baba anasikika humo?"

"Anasikika, dada. Anaimba ubeti wa kwanza wote."

Nikamtumia kile kipande. Baada ya dakika kumi akaandika kwamba Jumamosi wanakaa kikao cha ukoo, na muhtasari ataniletea mwenyewe.