Ninavyojua kama ndege ya Mafia itakuja

Ninaishi Kilindoni, kisiwani Mafia, na kwa kuwa mama yangu huhudhuria kliniki Dar es Salaam, imenilazimu kuwa fundi wa jambo ambalo sikulisomea: kutambua kwa simu, kabla hatujatoka nyumbani, kama ndege itakuja au haitakuja. Ninaandika kwa sababu nimechoshwa na ushauri wa watu wa bara, ambao wote hudhani kwamba kazi hiyo ni ya kufungua simu na kutazama kijiwingu kilichochorwa pale.

Mpwa wangu aliyeko Dar ndiye bingwa wa ushauri huo. Katika masika moja, siku ambayo tulikuwa na tiketi za asubuhi, alinipigia simu alfajiri. "Shikamoo mjomba. Mafia leo radi asilimia tisini, msimhangaishe bibi, ahirisheni." Tukaahirisha. Ilipofika saa tatu jua lilikuwa linawaka vizuri kabisa, na kwa kuwa uwanja wetu uko jirani na mji, ndege tuliyotakiwa kupanda ilipita karibu kabisa na paa la nyumba yetu ikielekea kutua, mama akiwa uani anaanika nguo. Hakusema neno, alinitazama tu. Tiketi zile hazikuwa za kurudishiwa fedha, na kila moja ilikuwa laki na ushei.

Asilimia ile ni uwezekano wa kunyesha katika muda fulani, wala haielezi kama mvua itanyesha dakika kumi au kutwa nzima. Tena, programu nyingi za simu huchukua utabiri wa kompyuta zinazoigawa dunia katika miraba; ule wa Marekani uitwao GFS hutolewa kwa umma kwa miraba ya kilomita 28 hivi, na ule wa Ulaya, ECMWF, kilomita 9. Kisiwa chetu kina upana wa kilomita kama 15 tu. Katika mraba mpana kama ule wa GFS, Mafia ni kama bahari tu.

Jambo ambalo mpwa wangu hakulifikiria ni kwamba ndege inayotuchukua lazima kwanza itoke Dar, kwa hiyo mimi huanza kutazama hali ya hewa ya huko kabla ya kutazama ya kwetu. Kila kiwanja kikubwa hutoa taarifa yake ya hali ya hewa, iitwayo METAR, na mtu yeyote anaweza kuisoma bure kwenye intaneti. Uwanja wa Julius Nyerere hutambulishwa kwa herufi HTDA, na wa Zanzibar kwa HTZA. Nikiona 9999 ninajua kwamba mtu huona umbali wa kilomita kumi au zaidi, na hapo huanza kutafuta viatu. Nikiona TS, yaani radi, au CB, lile wingu refu linaloleta dhoruba, ninaendelea na chai yangu.

Kinachowashinda wengi ni saa, ambayo huandikwa kwa majira ya dunia na kumalizikia na herufi Z. Mpwa wangu huchukua karatasi, akaongeza tatu apate saa ya Tanzania kwa hesabu ya kizungu, kisha akatoa sita ili apate saa yetu ya Kiswahili. Mimi hutoa tatu tu, basi. Taarifa ya 0500Z ni ya saa mbili asubuhi, ya 0900Z ni ya saa sita mchana. Nilipoligundua hilo nilijiona msomi kwa wiki nzima, na sikumwambia mtu.

Baada ya hapo hufungua picha za setilaiti za Meteosat, ile inayotazama Bahari ya Hindi na kuleta picha mpya kila baada ya dakika 15. Nikitazama picha nne au tano mfululizo naona wingu linaelekea wapi. Katika masika, mawingu mazito ya alfajiri yanayotoka baharini mara nyingi huwa yamekwisha kutupita kabla ya saa tatu, na ndiyo yaliyomtisha mpwa wangu.

Mwisho ni ramani ya kufuatilia ndege. Namba ya ndege, inayoanza na 5H kwa ndege za Tanzania, humwomba wakala wa tiketi anitumie. Safari ni ya nusu saa hivi. Siku ya kwanza mama alichungulia simu yangu, akaona kindege kikija vizuri juu ya bahari, mara kikatoweka. Akaanza "Inna lillahi" kabla sijamfafanulia kwamba vipokezi vya mawimbi viko mbali, na ndege ikishuka chini havioni tena. Siku hizi tukiwa uwanjani, kikitoweka, yeye husimama na kuchukua kikapu chake, huku wageni wakiendelea kuuliza kama ndege imechelewa.

Kimbunga sikipimi kwa hila hizi. Hidaya ilipokuja Mei 2024, ikafika Mafia tarehe 4, nilifuata tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa na sikutazama kitu kingine. Siku chache baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Picha za setilaiti hazikufunguka, ramani nayo ikagoma. Namba ya wakala nilikuwa nimeiandika kwa kalamu nyuma ya mlango wa kabati. Nikampigia simu ya kawaida, akatoka nje, akatazama angani, akaniambia nije.