Kukimbia Migambo na msitu wa Magamba

Wakimbiaji wa Dar es Salaam tumeilea miguu yetu kwenye lami. Jumamosi alfajiri vikundi vya jogging vinajaa barabarani kuanzia Mbagala hadi Masaki, fulana za rangi moja, filimbi mbele, nyimbo nyuma. Naipenda hali hiyo na sitaiacha. Lakini kwa muda mrefu nimekuwa nikisema kikundini kwamba nchi yenye milima kama yetu haifai kuwaachia watalii peke yao raha ya kukimbia mlimani. Ndiyo maana Julai, likizo ilipofika, nilikata tiketi ya Lushoto, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, badala ya kujiandikisha kwenye mbio nyingine ya fulana na medali.

Basi linaiacha barabara kuu ya Arusha pale Mombo, kwenye joto, na kuanza kupanda. Ni kilomita zipatazo 33 za kona hadi Lushoto, ukipita Soni na maporomoko yake. Madirisha yaliyokuwa wazi tangu Chalinze yakaanza kufungwa moja baada ya jingine, masweta yakatoka mikobani. Kutoka Lushoto mjini nilichukua bodaboda hadi Migambo, kijiji kilicho juu zaidi, jirani na msitu wa Magamba, nikafikia kwa familia ya rafiki yangu.

Asubuhi mama mwenye nyumba alinikuta mlangoni nafunga kamba za viatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mapema, unakwenda wapi?"

"Kukimbia mama. Mazoezi tu."

Akatazama barabara ya magari, akatikisa kichwa. "Huko utachoka bure. Shika njia ya shamba ile pale, wanayopita wenye mizigo. Ile inapanda taratibu."

Ushauri huo ndio ulioniongoza safari nzima. Barabara ya gari hukatwa na tingatinga, na tingatinga halichoki. Njia ya shamba imechorwa na watu wenye tenga la nyanya au gunia la kabichi kichwani, vizazi kwa vizazi, na kila mmoja wao alikuwa anatafuta mahali ambapo goti halitamuuma. Kwa hiyo inazunguka kilima, inashika mgongo wake, inapumzika kidogo kwenye tambarare, ndipo inapanda tena. Mkimbiaji akiifuata atajikuta anapanda muda mrefu bila kusimama, na pumzi inatosha kusalimia watu. Salamu hazikwepeki Usambara, na ni vema, kwa sababu wewe ndiye mgeni kwenye njia ya watu. Nilikuwa napunguza mwendo, nasogea pembeni upande wa bonde, nampisha mwenye mzigo, natoa salamu, ndipo naendelea.

Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Chini kwenye kijito vijana waliovaa makoti walikuwa wanaosha karoti, wanazikanyaga ndani ya maji baridi mpaka udongo mwekundu unaondoka na rangi inatokea. Juu yao mashamba yalipanda kilima kwa ngazi: maharage, viazi, kabichi, kisha miti ya plamsi na peasi iliyokuwa mitupu kwa baridi. Nilipokuwa navuka matuta hayo nilikumbuka historia yake. Miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha Wasambaa kuchimba matuta kwenye miteremko hii kwa lengo la kuzuia mmomonyoko, na wakulima wakapinga vikali hadi mpango ule ukaachwa. Walijua ardhi yao na hawakutaka kupangiwa jembe lipite wapi. Leo wengi wanalima kwa matuta kwa hiari yao.

Kwenye kona ya shule watoto waliniona, wakaanza kukimbia nyuma yangu na mabegi yanawapiga mgongoni, wakiita "Simbu! Simbu!" Tangu Alphonce Simbu alipoiletea Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha, kwenye marathoni ya Tokyo Septemba 2025, jina hilo limekuwa la kila anayekimbia. Msichana mmoja mwenye kandambili alinipita kwenye kilima na kunisubiri juu akiwa hata hahemi. Watoto kama yule wanahitaji mwalimu wa michezo na viatu, na sisi wa mijini tunaotoa maelfu ya shilingi kwa ajili ya medali za kumaliza kilomita tano tungeweza kuvinunua.

Msitu wenyewe hauingiwi hivihivi. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS: unalipa kiingilio na unapewa mwongozaji. Nilimpata kijana wa hapohapo ambaye alikubali tukimbie badala ya kutembea, ingawa aliniambia mapema kwamba kwenye mizizi tutatembea na tusibishane.

Mpaka wa shamba na msitu unausikia mwilini. Hatua chache tu, jua linapotea, jasho la shingoni linapoa, na ardhi inabadilika chini ya kiatu: kutoka udongo mgumu uliokanyagwa hadi majani yaliyooza yanayobonyea kama godoro. Magoti yangu, yaliyozoea Barabara ya Kilwa, yalishukuru. Miti mikubwa ya mkulo ilisimama pande zote, magome yamefunikwa ndevu za kuvu na kangaga. Miti hii imepona mengi. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni ya Kijerumani ilijenga njia ya waya kutoka Shume, upande wa pili wa milima hii, kuteremsha magogo ya mtarakwa hadi Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Ukikimbia kati ya miti iliyobaki, kiingilio cha TFS hakiumi hata kidogo.

Tulipoanza kupanda kuelekea mgongoni pumzi ilikata. Huko juu tunakaribia au kuzidi mita 2,000, na hewa ina mgandamizo pungufu kwa kama sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko mwili wa mtu wa Dar ulivyozoea. Dawa ni hatua fupi, mikono chini, na kuacha kuangalia saa. Pale penye mwinuko mkali tuliweka viganja juu ya mapaja na kutembea. Mwongozaji wangu alikuwa anapumua kwa pua muda wote.

Kisha akanyoosha mkono, nikasimama. Juu ya tawi, usawa wa macho yangu, kinyonga wa kijani mwenye pembe mbili puani alikuwa anavuka polepole, kidole kwa kidole, jicho moja kwetu na jingine anakokwenda. Wa aina hii hawapatikani popote duniani ila Usambara Magharibi. Mbele kidogo mbega walikuwa wanaruka kwenye vilele, mikia yenye ncha nyeupe inaning'inia. Tulikaa pale mpaka miguu ikaanza kupoa, na sijutii hata dakika moja ya mazoezi iliyopotea.

Kushuka ndiko kulikonifundisha zaidi. Lami inakuachia ukimbie huku mawazo yako mbali. Njia ya msituni inadai macho, kwa sababu mzizi uliolowa ukungu unateleza kuliko tope. Unashusha nyonga, unapiga hatua nyingi ndogo, unatazama mbele kiasi cha hatua tatu, na mikono inatanuka yenyewe kukuweka sawa.

Kabla ya kuondoka nilikimbia pia kutoka Lushoto mjini hadi Irente, kilomita kama sita. Ni njia inayosifiwa sana. Kwa mkimbiaji ni nzuri alfajiri tu, kwani baadaye vumbi la magari na pikipiki linakaa kifuani. Ila mwisho wake ni ukingo wa mlima: Mazinde iko chini ya miguu yako, mistari ya mashamba ya katani, barabara kuu na reli, na nyika inayoendelea hadi macho yanaposhindwa. Karibu na hapo kuna shamba la Kanisa la Kilutheri wanaouza mkate, jibini na jamu, na sijala kifungua kinywa kitamu kama kile baada ya mbio.

Kwa atakayekwenda: masika, Machi hadi Mei, njia zinateleza vibaya, subiri Juni. Chukua viatu vyenye meno, sweta zito kwa jioni, na fedha taslimu za kiingilio na za mwongozaji. Mimi na wenzangu wawili wa kikundi tunajiandaa kwa ukingo wa kaskazini, kutoka Lukozi hadi Mtae, na kila Jumatano jioni sasa tunapanda ngazi za uwanja badala ya kuzunguka barabarani.