Pumzi Kumi na Nne

Juzi mwanangu alikuwa akijaza karatasi ya shule. Akafika kwenye mstari wa mlezi, akanyanyua kichwa: "Mama, Bibi nimwandike anafanya kazi au ananilea?"

Nikamwambia aandike vyote viwili. Akasema mstari hautoshi.

Aliendelea na mengine, mimi nikabaki hapo. Nilirudi mwaka ule Mama alipokuwa masomoni, nikiwa na miaka saba, ninakaa kwa Bibi yangu mimi. Bibi alikuwa nesi, na mwaka ule zamu zake nyingi zilikuwa za usiku. Shangazi alilala nami, alfajiri akatoka kwenda kazini kwake. Bibi akikabidhi wodi saa moja asubuhi, anafika nyumbani mbio, maana kati ya kurudi kwake na mimi kwenda shule palikuwa na nafasi ndogo sana. Ndani ya nafasi hiyo alinivalisha, akanisikiliza nikisoma, akakagua hesabu zangu, akanisuka. Nilikuwa nikidhani usingizi wake una mahali pengine pa kukaa.

Kazi yake alikuja nayo nyumbani, ila si kwa kulalamika. Alinifundisha kuhesabu kwa kutumia mwili wangu mwenyewe. "Weka vidole viwili hapa kwenye kifundo cha mkono, chini ya gumba. Gumba lako usilitumie, lina mapigo yake, utajihesabu mwenyewe ukidhani unamhesabu mgonjwa." Tukahesabu nusu dakika, tukazidisha mara mbili. Hivyo ndivyo nilivyojua jedwali la mbili. Mapigo yangu yalikuwa mengi kuliko yake, nikafurahi kwamba nimemshinda. Akanieleza kwamba moyo wa mtoto ndivyo unavyokwenda, na wangu utatulia nikikua.

Kisha akanifundisha pumzi. Kifua kupanda na kushuka ni moja. Mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya 12 na 20 kwa dakika. "Lakini usimwambie kama unamhesabia," alisema. "Mtu akijua anahesabiwa, hubadilisha pumzi. Mshike mkono kama unayepima mapigo, macho yako yawe kifuani."

Asubuhi ninayoikumbuka, alikuwa ametoka zamu ya tatu mfululizo. Hakubadilisha hata sare. Alikaa kwenye kiti, mimi chini, mgongo wangu katikati ya magoti yake, saa ya ukutani iko mbele yetu. Alinisuka upande wa kushoto wote. Akaanza wa kulia, mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu vidole vyake vikalegea.

Nilidhani anatafuta njia kwa chanuo. Nikasubiri. Kisha mkono wake ukawa mzito kichwani mwangu, uzito ambao sikuwahi kuusikia kwake, kwa sababu Bibi alikuwa na mikono myepesi. Mkono mwingine ulikuwa umeshika nywele zangu chache, ukazishika hivyo hivyo, haukuzivuta wala haukuziachia. Harufu ya spiriti na ya sabuni ya hospitali ilikuwa inashuka kutoka kwenye mikono ya sare yake. Pumzi zake zilikuwa zinaniangukia utosini, za moto.

Nikaogopa. Mtoto wa nesi husikia maneno ambayo wenzake hawayasikii, na nilishajua kwamba kuna watu wanaolala wasiamke. Sikuthubutu kugeuka, kwa kuwa nikigeuka nywele zitamponyoka, ataamka. Na nilitaka aamke. Na sikutaka. Nikautazama mshale wa sekunde, ulipofika juu nikaanza: moja. Mbili. Zilikuwa ndefu. Dakika ilipoisha nimefika 14. Nikarudia, nikapata 13. Nikarudia tena, 14. Yuko salama, nikajiambia, yuko ndani ya zile namba zake. Miguu ilikuwa imekufa ganzi. Mshale mkubwa ulipita saa ya kutoka, ukapita saa ya kengele, nami nimekaa wima kama mtungi uliojaa.

Alipoamka alishtuka kwa sauti. Alitazama saa, akanitazama, akaona miguu yangu. "Kwa nini hukuniamsha, mama?" Nikamwambia alikuwa 14. Hakusema kitu. Alinisugua miguu mpaka damu ikarudi, akanifunga kitambaa kichwani kuficha upande usiomalizika, tukatoka. Kwa mwalimu alisimama na sare yake iliyokunjamana: "Aliyechelewa ni mimi, Mwalimu. Yeye alikuwa zamu."

Nikiwa mtu mzima nilisoma kwamba mwaka 2007 watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kazi ya zamu za usiku inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo huenda husababisha saratani. Haikuwa saratani iliyomchukua Bibi. Hata hivyo nilihesabu zile asubuhi zote, mistari yote ile ya nywele, na sijajua mpaka leo niliyapokea mapenzi yake au niliyala maisha yake. Pengine kwa mtoto wa miaka saba hakuna tofauti. Kwangu sasa ipo.

Kwa sababu Mama yangu ni mhasibu, bado ameajiriwa, na mwisho wa mwezi hufunga hesabu mpaka usiku mkubwa. Na ni yeye anayemchukua mwanangu shule, anayemsikiliza akisoma, anayejua jino lipi linatikisika. Mimi ndiye ninayemwomba.

Karatasi ilipokwisha kujazwa, mwanangu aliandika "kazi", kisha pembeni, nje ya mstari, "na kulea". Nikachukua simu, nikampigia Mama, nikamwuliza siku hizi analala saa ngapi.

"Nalala vizuri sana," akajibu haraka. "Kesho mlete mtoto."