Nilivyopanga Mizigo ya Ndege Kuukuu Kwenye Njia Fupi ya Goma

Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilifunika ncha ya kaskazini ya njia ya ndege ya Goma, mji ulio kando ya Ziwa Kivu mashariki mwa Kongo, nasi tuliopanga mizigo pale miaka iliyofuata tulibakiwa na takriban mita 2,000, huku mawe ya lava yakiwa upande mmoja na mtaa wa Birere upande wa pili. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya abiria aina ya DC-9 ilishindwa kupaa, ikapitiliza hadi Birere, na wengi wa waliokufa walikuwa watu waliokuwa mtaani kwenye shughuli zao.

Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na Boeing 727 ya mizigo, kuukuu lakini yenye vyeti vyote. Umri wake haukunitisha, kwa sababu ndege ya zamani ikitunzwa huruka salama. Nilizihofia zaidi zile kasoro ndogo ambazo kitabu cha ndege kinaruhusu ziahirishwe kutengenezwa: breki iliyokaribia kwisha, au injini moja isiyoweza kusukuma kinyume wakati wa kutua. Kila moja peke yake inavumilika, ila zikikutana na lami yenye maji na upepo wa mgongoni kutoka ziwani, mita huisha upesi.

Nilianzia kwenye mizani. Wenye mali walikuwa wakiandikisha kila gunia la maharage kuwa kilo 100. Tulipoleta mizani ya sakafuni tukakuta lumbesa za kilo 115 na zaidi. Kasi ya uamuzi, ambayo rubani akishaipita hapaswi tena kujaribu kusimama, hukokotolewa kutokana na uzito, hivyo uzito ukiwa wa uongo rubani hukanyaga breki akiamini ana nafasi ambayo haipo. “Mutoto yangu, hizi kilo zinatoka wapi?” aliniuliza mama mmoja mfanyabiashara, na jibu pekee lililomridhisha lilikuwa kupima gunia lake upya mbele yake.

Kisha nikakubaliana na fundi kwamba sisaini karatasi ya mizigo kabla hajanionyesha pini za breki. Ni vijiti vyembamba vya chuma. Breki zikiwa zimekanyagwa, pini iliyolingana na ukingo wa tundu lake, isiyochomoza tena, ina maana kwamba breki hiyo imekwisha. Kapteni alinung’unika (makapteni hawapendi kungojea), lakini baadaye akawa anainama mwenyewe kuzitazama.

Upinzani mkubwa ulitoka kwa wafanyabiashara niliowapunguzia magunia, nao niliwapata kwa hesabu. Goma iko karibu mita 1,550 juu ya usawa wa bahari, na jua likipanda hewa huzidi kuwa nyepesi, injini hupungukiwa nguvu na ndege huhitaji kasi kubwa zaidi juu ya lami ili inyanyuke. Niliwaonyesha, kwa majedwali ya ndege yenyewe, tofauti ya tani kati ya alfajiri na adhuhuri. Wakakubali kuleta mizigo jioni, ipimwe na kulala ghalani, na ndege ikaanza kuondoka mara kiwanja kinapofunguliwa.